Kabla ya tangazo, jengeni choo

Kikao chochote cha utalii huku Kusini lazima kifike kwenye sentensi ile: vivutio vyetu havijatangazwa vya kutosha. Nimeisikia Mtwara, nimeisikia Lindi, na kila mara ukumbi unatikisa kichwa kukubali. Mimi siikubali. Mtu ametangaziwa, ameshawishika, amevuka Daraja la Mkapa pale Rufiji na kuimaliza barabara yote mpaka huku. Sasa anataka kujua akae wapi jua likiwaka, boti inaondoka saa ngapi na nauli yake kiasi gani, na haja ikimbana aende wapi. Nani anamjibu?

Tazama Mikindani, kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini. Historia imejaa tele: nyumba za mawe, milango ya nakshi, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo lilikarabatiwa likawa hoteli. Livingstone alipitia hapa mwaka 1866 akielekea bara kwenye safari ambayo hakurudi. Ghuba yenyewe imetulia, mikoko upande huu, mibuyu upande ule. Kwa mgeni wa hotelini mambo yamenyooka. Sasa njoo Jumapili jioni uwaone wageni wengine, walio wengi, wanaokuja na bajaji na Noah za kukodi.

Nilikaa karibu na familia moja iliyotoka Masasi: baba, mama, watoto na bibi yao. Wameagiza pweza wa kukaanga, wana ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye mfuko, watoto wameshalowa. Bibi akamuuliza muuzaji taratibu, "Mwanangu, hapa mnajisaidia wapi?" Muuzaji akafuta mikono kwenye kanga, akatazama huku na huku kwa aibu. "Shikamoo bibi. Labda pale msikitini, sijui kama wamefungua." Wakanong'onezana, wakakusanya watoto, wakaondoka. Sahani ya pili ya pweza ilikuwa bado iko kwenye mafuta. Hiyo ni biashara iliyokufa mbele ya macho yangu, na hakuna bango la barabarani ambalo lingeiokoa.

Maana mgeni wa huku tunamfikiria vibaya. Tunamsubiri Mzungu mwenye kamera, wakati minada ya korosho ikianza Oktoba kuna watu Newala, Tandahimba na Masasi wenye fedha mkononi na hamu ya kuiona bahari. Wapo walimu, wauguzi, askari waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, wanaoshinda Jumamosi nzima kwenye simu kwa kukosa pa kwenda. Hawa hawahitaji ndege. (Watu wa pwani nao wapande Newala siku moja wakasimame pale Shimo la Mungu, walione bonde la Ruvuma likiwa chini kabisa. Wengi tuliozaliwa Mtwara hatujafika, na nauli tunayo.)

Jambo jingine dogo ambalo lingesaidia kuliko kampeni yoyote ni ubao wa kuandika saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hutoka sana mida ya saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa kwenye saa kumi jioni. Mvuvi anajua hivyo bila kuambiwa. Mtu wa Nachingwea hajui. Anafika asubuhi na taulo lake, anakuta tope, majani ya bahari na kina mama wanaokota kombe, bahari yenyewe iko kule mbali, anarudi kusimulia kwamba ufukwe wetu ni mbaya. Ubao mmoja wa rangi pale ufukwe wa Shangani, Mtwara mjini, mwingine kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba, na kijana wa kubadilisha saa kila asubuhi. Basi.

Nikisema Msangamkuu kuna watakaoruka na ndoto ya hoteli kubwa. Sina ugomvi na hoteli. Nina ugomvi na ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na nadhani tuishike hiyo kwa mikono miwili. Kivuli cha makuti na miti kinatosha. Ufukwe wa Msimbati kwa mfano, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, uzuri wake wote ni mchanga unaokwenda bila kukatizwa na kitu. Ukipanga zege pale umeua ulichokuja kukiuza.

Kilwa wao wametangulia kidogo. Unafika Kilwa Masoko, unachukua kibali, unapata mwongozaji, mnavuka kwenda Kisiwani kuona magofu ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa, jumba la masultani. Utaratibu unaeleweka hata kwa mtu aliyefika leo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014. Kwa hiyo kutunza tunaweza.

Lindi ndiyo inayonisikitisha zaidi. Mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale wa kilima cha Tendaguru, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin, na mmoja wao amesimamishwa kule kwenye jumba la makumbusho akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mjadala wa kumrudisha uendelee, wenye elimu hiyo wapo. Wakati wanajadili, mimi ningeomba mguu mmoja wa saruji, wa kipimo chake halisi, usimamishwe pale ufukweni Lindi mjini, na mafundi wa hapa hapa waufinyange. Mtoto wa darasa la pili asimame chini yake, apigwe picha, aulize maswali. Leo anamsoma kitabuni kama mnyama wa nchi nyingine.

Fedha zitatoka wapi? Halmashauri za huku hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na choo cha matundu manne chenye tangi la maji si mradi wa kusubiri mfadhili. Swali gumu ni la usafi, kwa sababu vyoo vya umma tunavijua: miezi mitatu vinang'aa, wa nne vimefungwa kwa mnyororo. Basi ufunguo wapewe kina mama wa pweza. Anayeingia atoe mia mbili, wagawane wenyewe. Maji yakikatika watakuwa wa kwanza kupiga kelele, maana wateja wao ndio watakaoondoka.