Hiki kitabu cha wageni kinatutesa bure

Hivi ile sehemu ya "maoni" kwenye kitabu cha wageni walipima na nini jamani, maana jina wamekupa nafasi, unakotoka nafasi, namba ya simu ndo kabisaa unaweza kuandika yako na ya mjomba wako, ila maoni sasa, kakipande kamebanwa huko pembeni, ukiandika "nimefurahi" ile "hi" inaangukia mezani.

Na mwenye kitabu haondoki! Kakusimamia hapo anachungulia kalamu inavyoenda, anatabasamu, hapo ndo uandike choo hakifungi? Thubutu. Unapiga "pazuri sana, mbarikiwe" unasepa. Ndo maana vitabu vyote vinasifia tu, mtu kakeshwa na mbu usiku kucha asubuhi kaandika "huduma bora, endeleeni hivyohivyo". Waendelee na mbu??

Ila wanaonimaliza ni wale wa vialama viwili vya "kama hapo juu". Wa kwanza kaandika "safi", wa pili vialama, wa tatu vialama, unashuka navyo hadi chini ya ukurasa, na kuna mmoja kaviweka mpaka kwenye sahihi. Sahihi bana! Sahihi kama hapo juu ndo ikoje hiyo?

Alafu sasa aje mheshimiwa. Huyo anafunguliwa ukurasa wake peke yake, analetewa na kalamu isiyofungwa kamba (ya kwetu kamba fupi hadi uandike umejikunja), wapiga picha wamejaa, anafikiriii, mwisho anaandika asanteni kwa mapokezi mazuri. Yani "pazuri sana" ileile ila imevaa tai. Na presha wanaipata pia, Obama mwaka 2011 kule Westminster Abbey, London, kasaini kitabu cha wageni akaweka tarehe ya 2008, rais mzima wa Marekani, wakati 2008 mwezi kama ule alikuwa bado anahangaika na kampeni. Mi nikikosea tarehe namkumbuka yeye roho inatulia.

Watoto tu ndo wanajua kukitumia. Kuna kitabu cha makumbusho nilikuta katoto kameandika kwa herufi kubwa zilizovuka mistari mitatu: NIMEPENDA NGAZI. Vitu vya kale vyote vile, yeye ngazi. Na chini yake mzazi kaweka vialama viwili.