Chuma changu hakiuzwi kwa kilo

Mie nauliza tu, asotaka kujibu asijibu. Hivi mtu akiingia chooni kukoga, na maji yenyewe ya kuvizia, akitoka humo anatakiwa avikute vitu vyake pale alipoviacha au avikute kwenye mizani? Mana leo asubuhi nimetoka na povu sikioni namsikia mama watoto yuko mlangoni anasema "ongeza basi hata mia tano", nikajua hapa kuna mali inauzwa, na katika nyumba hii mali isokuwa na mtetezi ni yangu mie tu.

Nachungulia, kumbe kijana wa skrepa, huyu anaepita na baskeli yenye tenga nyuma akigonga kengele wakati watu wamelala. Kashika mizani yake ya ndoana juu juu, na pale kwenye ndoana, wallahi, kinaning'inia kibanio changu cha mkate.

Sasa wenye kujua wanajua, na wasojua ndo hao wanaouza vitu vya watu. Hizi ni zile tosta za mkono za zamani, visahani viwili vya alminiamu nene vimeungwa kwa bawaba, kila kimoja na mkono wake mrefu unaoishia kwenye mpini wa mbao, halafu huku mwisho kuna kikulabu cha kufungia. Unapaka siagi slesi mbili upande wa nje, NJE sio ndani, kila siku nasema, unalaza moja, unatia kitu chako, nyama ya kusaga iliobaki jana au jodari wa kopo na kitunguu na pilipili, unafunika na ya pili, unabana, ule ukingo unazikata pembe za mkate wenyewe na kuuziba mdomo kote, unaweka juu ya moto, unageuza, unasubiri kidogo. Kinatoka kitu cha duara, kimevimba kati, rangi ya maandazi ya kwanza kutoka kwenye karai, na ndani kimefungika hata mchuzi hautoki. Hakitaki waya. Hakitaki tukuza ya umeme. Hakina swichi ya kuungua wala taa ya kufa.

Nilikipata kwenye mali ya kontena, mitumba ya ng'ambo, chini ya rundo la birika zisokuwa na vifuniko na fimbo za gofu, sijui nani kawaambia sisi huku tunacheza gofu. Ninacho na chengine cha mraba cha Kihindi, chenye mstari kati kinatoa pembetatu mbili, na kuna cha tatu kikulabu chake kilikatika nimekifunga waya, lakini hichi cha duara ndo mkubwa wao. Nilipokuwa nakileta nyumbani kwa daladala mama mmoja aliinuka akahama kiti. Sikumjali.

Kwa hivyo nikatoka. Na saruni yangu, na povu langu, nikajikaza utu uzima nikasema kwa sauti ile ya mtu anaeposa, "Kijana, hebu shusha hicho."

"Asalaam alaykum ami."

"Waalaykum salaam. Shusha."

"Ami kina robo tatu kilo, na mama tushakubaliana."

"Unakijua hichi nini?"

"Alminiamu."

"Sikukuuliza kimetengenezwa kwa nini, nimekuuliza ni nini."

"Alminiamu ya sufuria," akasema, "ile ya injini bei yake nyengine."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia mwanangu kaa hapo nikupe ilimu ya bure. Mwaka 1949 huko Australia, pahala panaitwa Bondi, daktari mmoja Ernest Smithers alisajili ubunifu wa kibanio cha jamaa hii hii unayoitundika hapo, visahani viwili vya duara na mikono mirefu, na wenzetu kule wakakipenda mpaka leo wakenda kupiga kambi porini wanakitumbukiza kwenye makaa.

"Daktari wa kutibu watu?"

"Daktari, ndio."

"Daktari mzima anahangaika na mkate, wagonjwa kawaacha na nani?"

Hilo kwa kweli lilinigonga, lakini mtu mzima hajibu kila kitu. Nikaendelea, nikamwambia Wamarekani nao miaka hiyohiyo ya arubaini huko Cincinnati walikuwa wanatoa cha kwao wakikiita Toas-Tite, na Bombay mpaka leo wauza sendwichi wa barabarani wanabana kwa mkono juu ya makaa, viazi, bitiruti, nyanya na chatne ya kijani, na Sri Lanka nako mikahawani wanakula mkate wa namna hii tena ndani wanatia mpaka mchuzi. Kijana ananisikiliza, adabu anayo siwezi kumsema, mizani haijashuka lakini ananisikiliza. Nilipomaliza akatikisa kichwa kwa heshima akauliza, "Na hicho cha Marekani nacho alminiamu?"

Nikamwambia nacho.

"Kipo ndani?"

Hapo sasa baraza ishasikia. Ile baraza yetu haisikii adhana ya kwanza lakini ukibishana bei mlangoni kwako inasikia. Wazee wakaja mmoja mmoja na mikongojo yao, wa mbele akakitoa kwenye ndoana, akakifungua, akakifunga, akasema hichi anakijua, zamani hospitali walikuwa wanabania mguu uliovunjika. Wa pili akasema we babu umezeeka, hichi cha kupigia chapa ng'ombe, mjombake wa Makunduchi alikuwa nacho. Jirani yangu wa dirishani akasema nyote hamjui, shoga zake walikuwa wananyoshea nywele Idi. Nikamgeukia mama watoto, nikasema kwa upole, mke wangu, waambie basi, wewe unakiona kila siku. Akasema, "Mie nikijua cha panya."

Huyu nilimuoa mbele ya mashahidi.

Na wakati mie bado naitafuta heshima yangu pale chini, kijana kachomoa koleo. Nikamuuliza la nini. Akasema kwa uaminifu kabisa, "Ami mbao mie silipi. Nazitoa hizi mbao kwanza, halafu tunakipima upya, nisije nikamdhulumu mtu." Akaikamata mipini. Ile mipini, jamani! Mbao imelainika kwa mikono ya watu nisiowajua, watu wa huko kwao waliowasha moto na kibanio hichi mkononi kabla mie sijaanza skuli, pale karibu na kiungo kuna alama nyeusi mtu alisahau akausogeza mpini kwenye moto, nikiiona ile alama namuona mtu huyo anaupulizia na kutukana kwa Kizungu. Na sasa koleo.

Basi hapo ndo nikapiga ukelele na sioni haya kusema. Nshachoka! Katika nyumba hii kila kitu kinapimwa! Redio yangu ya mkulima imekwenda kwa kilo. Kengele ya baskeli imekwenda kwa kilo, baskeli yenyewe ipo. Pasi ya mkaa ya marehemu bibi, ile yenye jogoo mbele, mzito yule kapasi kanzu za ukoo mzima, imekwenda kwa kilo, na nikipita Mji Mkongwe naziona pasi za jogoo zimepangwa dukani kwa mgeni zinauzwa kwa dola, na kibao kimeandikwa vitu vya kale! Tulikuwa navyo vya kale! Tumeviuza kwa bei ya sufuria iliotoboka! Mwaka kesho mtanipima mie, nina meno mawili yamezibwa, mtayang'oa kwanza ili msimdhulumu mtu!

Kimya. Kijana kashusha koleo. Mzee wa ng'ombe akasema "haya tena, sabuni hiyo jichoni."

Mama watoto, ambae hashindwi hata siku moja, akasema, "Kwani tosta si ipo? Si hiyo kakaangu kaileta kutoka Maskati?"

Ipo, nani kakataa. Nyeusi inang'aa, ina taa nyekundu na taa ya kijani, imewekwa kabatini imevishwa mfuko wake ili isichafuke, yaani tosta isiyotakiwa kuona mkate. Shemegi akija ndo inatolewa. Na mie sina ugomvi na hizi za umeme, kampuni ya Breville ilipotoa ya kwake mwaka 1974 hukohuko Australia watu walizigombania, na ndo hapo wengi walipovitupa vya mkono stoo, na ndo navyookota mie, Mungu awazidishie. Lakini hebu tuseme kweli. Nikawauliza wazee, nyinyi mlikuwepo Disemba 2009? Wakaguna wote. Umeme umekatika Disemba tumeuona tena Machi 2010, Unguja nzima, waya wa baharini kutoka bara umeharibika, miezi mitatu ya jenereta na mishumaa na maji ya kubeba, tosta ya taa ya kijani ingenisaidia nini mie? Kuvunjia nazi? Na tusende huko mbali, mwezi wa Ramadhani uliopita daku ishaiva nusu, taa imezima, nani aliekula kitu cha moto kichochoro hichi? Mie. Kwa gesi na chuma. Nyinyi mmekula wali wa futari umeganda.

Mzee wa hospitali akasema hiyo Disemba barafu kipande ilikuwa inauzwa, akaanza hadithi ya barafu, hadithi yenyewe ndefu na samaki wake wanaoza mwisho wake, tukamwacha aseme.

Halafu nikasema basi, ngoja. Maneno mengi ya nini. Nikaingia ndani, nikavaa shati, nikatoka na jiko la gesi mpaka pale barazani, na mkate, na nyama ya jana, na mama watoto kanitazama hivi hakusema kitu. Nikapaka siagi nje. Wakauliza mbona nje, nikawaambia tulieni. Alminiamu raha yake inashika moto upesi, sio vile vya chuma kizito ambavyo unasubiri mpaka njaa inakwisha, lakini na wewe usiende kupiga soga, ukigeuka tu mkate mkaa. Kikaanza kulia ndani, tss tss, siagi ikachuruzika pale kwenye ukingo, harufu ikatoka, na harufu ya mkate na nyama na bizari haihitaji mwaliko, watoto wakatokea vichochoro vyote, tena watoto wengine mie sijawahi kuwaona mtaani kwetu.

Cha kwanza nikampa kijana wa skrepa, mana yeye ndo mshitakiwa. Nikamwambia subiri kipoe. Hakusubiri. Hivi vitu vimezibwa, mvuke wote umo ndani unakungoja wewe, akauma, macho yakamtoka, akaruka pale akizunguka baskeli yake mdomo wazi anajipepea kwa ile mizani. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa tukampiga mgongo. Akarudi, akameza, akala chote, akalamba na vidole, akanitazama machozi yanamtoka akasema, "Ami, kitamu, Mungu shahidi. Lakini elfu mbili siwezi kuzidisha."

Keshaondoka. Ila kaniambia akiviona vyengine kwenye mizigo yake ataniletea, na mie nimemuahidi nanunua kwa bei ya juu ya skrepa, mama watoto kasikia, hiyo kesi nyengine itasikilizwa usiku.

Sasa dhiki yangu ikaanza hapo. Kila mtu anataka chake. Mzee wa ng'ombe anataka bila pilipili, jirani wa dirishani kaleta mayai mawili na bakuli ya chatne ya nazi anasema "hebu nami nibanie", kaleta mayai hakuleta mkate! Mtoto mmoja kaja na kipande cha mkate wa ufuta, nikamwambia mwanangu huu haubaniki huu, akalia, ikabidi nijaribu, umebanika, lakini ufuta mpaka sasa nautoa kwenye bawaba kwa kijiti. Na mkate ukesha. Ukesha mimi sijala.

Nikenda dukani. Na hapa ndo nataka watu wanieleze, hizi slesi zinapungua au macho yangu? Zamani slesi ukiiweka kwenye kibanio inatoka nje pande zote, unakata pembe unawapa kuku. Sikuhizi unaiweka inakaa katikati kwa adabu, ukingo hauigusi, ukibana mdomo hauzibi, nyama inachungulia. Bei haijachungulia, bei imepanda. Bofulo ndo usiseme, limejaa upepo, ukilibana linakuwa karatasi. Nimemwambia muuza duka, bwana hizi slesi zimekonda, kanijibu mie situmii kisu, mkate unakuja umeshakatwa.

Na chenji akanipa pipi. Nimempa elfu tano, mtu mzima mwenye mvi, kanihesabia pipi za maziwa mkononi anasema sarafu hamna ami. Jana pipi, juzi kiberiti. Nikamwambia ipo siku nitakuja hapa na mfuko wa pipi zako ninunue mkate, akacheka sana, akamwita na mwenziwe nyuma aje anisikie nikirudia. Sikurudia. Pipi ninazo zote, nimezihifadhi kwenye kopo, na Jumamosi nakwenda.