Kubobea ni Sawa, Lakini Kuanzia Umri Gani?

Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Elimu ya Umilisi, mfumo mpya wa elimu nchini Kenya, liliingia Gredi ya 10, kila mmoja akiwa amekwisha kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wengi wao wana umri wa miaka 15 hivi. Hatua hiyo imefufua mjadala wa siku nyingi kati ya wanaotaka mtu abobee katika fani moja na wanaotaka asome kwa mapana. Hapa Nairobi mjadala umeelemea upande mmoja, kiasi kwamba mzazi anayekiri kuwa mwanawe bado hajajua anachokitaka hutazamwa kama mzazi aliyezembea.

Hoja za wanaotetea ubobezi si za kupuuzwa. Anayesubiri kupasuliwa moyo hataki daktari anayejua kidogo kuhusu kila kiungo. Kwenye gereji za Barabara ya Kirinyaga, fundi wa umeme wa magari hutafutwa kwa sababu ni wa umeme, na mwenye gari lenye gia mbovu huelekezwa kwa mwingine. Adam Smith alieleza mwaka wa 1776 kwamba mgawanyo wa kazi hutegemea ukubwa wa soko, na jiji ambalo sensa ya 2019 ililihesabia zaidi ya watu milioni 4 linaweza kumlisha anayejua jambo moja tu, mradi alijue barabara. Kumbuka pia jinsi mfumo uliotangulia wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu) ulivyowalundikia watoto masomo waliyoyakariri hadi siku ya mtihani na kuyasahau kesho yake. Utaelewa kwa nini wengi walishusha pumzi mikondo ilipotangazwa.

Njia mbili zilimshinda fisi, tunaambiwa, na anayesoma kwa mapana hudhaniwa kuwa ndiye huyo fisi. Lakini fisi alishindwa kwa sababu alitaka kuzifuata njia zote mbili kwa wakati mmoja, na hakuna mtetezi wa elimu pana anayedai hivyo. Hata yeye anakubali kwamba mwisho wa safari ni kubobea. Anachogombania ni wakati wa kuanza, na hapo ndipo naona hasikilizwi.

Tazama historia yetu wenyewe. Kabla ya 8-4-4 kuanza mwaka wa 1985, mwanafunzi alisoma miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari ndipo akafika kidato cha 5, alikobaki na masomo machache ya kubobea. Hiyo ni miaka 11 darasani, katika mfumo tuliorithi kwa Waingereza na ambao ulilaumiwa kwa kumbana mwanafunzi mapema. Chini ya 8-4-4, hata baada ya kupunguza masomo katika kidato cha 3, alibaki na lugha mbili, hisabati na angalau sayansi mbili hadi mtihani wa mwisho. Sasa, ukiacha chekechea, ni miaka 6 ya msingi na 3 ya sekondari msingi kabla ya kuchagua mkondo. Tumeshuka hadi miaka 9, na sijasikia sababu ya kielimu, mbali na ya kiuchumi, iliyotolewa kwa ajili hiyo.

Sababu ya kiuchumi imefichwa ndani ya takwimu moja inayorudiwa katika kila kikao cha wazazi: asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi na teknolojia, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Kama mpango wa taifa, mgao huo una mantiki yake, kwa kuwa nchi inahitaji wahandisi na wauguzi, na bajeti za maabara hazipangwi kwa kubahatisha. Taabu ni kwamba hesabu ya taifa haijui lolote kuhusu mtoto mmoja aliyekaa mbele ya mwalimu. Yeye hana asilimia 60 ya sayansi na 15 ya muziki ndani yake. Pindi mgao unapokuwa shabaha ya kufikiwa, ushauri anaopewa huanza kuifuata shabaha badala ya kumfuata yeye. Tena si shule zote za Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) zinazotoa mikondo yote mitatu. Mwanafunzi wa shule ndogo ya kutwa huchagua kati ya vile ambavyo shule yake inavyo, na anaweza kuingia mkondo wa sayansi mahali ambapo maabara ni chumba chenye meza na mabomba makavu. Kumwita mtoto huyo mbobezi ni kulidhalilisha neno.

Husemwa kwamba kusoma kwa mapana ni anasa ya matajiri, na kwamba mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru anahitaji ujuzi mmoja wa kumpatia riziki upesi. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande ule, na familia nyingi haziwezi kungoja. Hata hivyo, tuulize ni nani anayeumia zaidi uchaguzi unapokwenda mrama. Wa Lavington, mtaa wa wenye nacho, aliyeacha fizikia akiwa na miaka 15, kisha akatamani uhandisi akiwa na 19, atalipiwa kozi ya kuziba pengo au karo ya chuo cha ng'ambo. Wa Mukuru atakuta kozi za vyuo vikuu zina masomo yanayodaiwa, na mlango utakuwa umefungwa. Upana ni akiba ya asiye na pesa za kununua nafasi ya pili.

Pande zote mbili hupenda kumtaja Wangari Maathai, mwanamazingira wetu aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wa ubobezi wanakumbusha kwamba alikuwa na shahada ya uzamifu katika anatomia ya mifugo, aliyoipata Nairobi mwaka wa 1971, na huwezi kubobea zaidi ya hapo. Ni kweli. Lakini huko Kansas, Marekani, alikohitimu mwaka wa 1964, pamoja na biolojia alisoma kemia na Kijerumani. Mwanabiolojia kutoka Nyeri alihitaji Kijerumani cha nini? Miaka michache baadaye utafiti wake wa uzamifu ulimpeleka Giessen na Munich, nchini Ujerumani. Na Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, la kupanda miti, aliloanzisha mwaka wa 1977, lilidai ajue udongo, kuni za akina mama na siasa za ardhi kwa pamoja.

Wizara ya Elimu yenyewe imewahi kurudi nyuma kuhusu mikondo hii. Mpango wa awali haukuwa na hisabati kati ya masomo ya lazima ya Sekondari Pevu, na Aprili 2025, baada ya malalamiko, Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, huku walio nje ya mkondo wa sayansi wakipewa hisabati nyepesi. Ikiwa wa muziki hawezi kuachwa bila hisabati, ni vigumu kueleza kwa nini wa fizikia aachwe bila historia, au wa historia bila biolojia. Jibu linalotolewa ni kwamba ratiba imejaa, na kweli masomo 4 ya lazima na 3 ya kuchagua hayaachi nafasi kubwa. Vipindi viwili kwa wiki vya somo la nje ya mkondo, katika Gredi ya 10 pekee na bila mtihani wa kitaifa, vingetoshea. Kuusogeza uamuzi wa mkondo hadi mwisho wa gredi hiyo kungekuwa kugumu zaidi, maana kungehitaji walimu ambao shule nyingi hazina, na hilo ni suala la Bunge na Hazina Kuu kabla ya kuwa la mitaala.