Visiwa Visivyo na Mtu: Tushuke au Tuzunguke?

Ufuoni Dunga, Kisumu, kwenda kutazama viboko kwa boti ni jambo la kila siku. Sasa wageni wanaulizia visiwa vitupu vya Ziwa Victoria, vya majabali na vichaka, visivyo na hata kibanda cha mvuvi. Wenye boti wanaona riziki. Wapenda ndege wanasema viachwe.

Wenye boti siwalaumu. Gugumaji likijaa linafunga njia ya kwenda kwenye nyavu, na petroli hainunuliwi kwa ahadi. Tena wanao mfano mzuri. Ndere, kisiwa cha kilomita 4.2 za mraba upande wa Seme, ni hifadhi ya taifa tangu 1986. Utawakuta askari wa wanyamapori, swala pala na wanyama wengine, basi. Mgeni analipa, anashuka, anafuata njia. Jina lenyewe kwa Kijaluo ni mahali pa kukutania, kwa hiyo kisiwa kimezoea wageni.

Ila Ndere si Mbasa. Mbasa, kisiwa cha miamba karibu na kisiwa cha Mfangano, ni mji wa minandi, ndege wale wanaozamia samaki. Miamba imepakwa mavi yao ikawa kama chokaa, na harufu inakupokea kabla ya kelele. Boti ikisogea mno wanaruka kwa mkupuo, makinda yanabaki juani midomo wazi. Wewe unapiga picha. Kenge naye hana wa kumfukuza kiotani. Hapo hoja ya riziki inaniishia. Mbasa tuizunguke kwa mbali, injini imezimwa, kwa makasia, na bado mgeni ataona alichokilipia.

Twende asubuhi pia. Mchana upepo wa ziwa huamka, na mara nyingi jaketi za kuokolea maisha utazikuta chini ya ubao, zimelowa, hakuna aliyevaa. (Nami nimewahi kuikalia yangu.)

Nilimweleza haya nahodha mmoja huku akichota maji botini kwa kipande cha mtungi. Akacheka. “Ndugu yangu, nikikataa kumshusha, atapanda ya mwenzangu.”

Hilo ndilo fundo. Nahodha mmoja mwema atalala njaa, na minandi watakanyagiwa viota vilevile. Labda kamati za fuo, zinazowajua wenye boti kwa majina, ziwakataze wote siku moja.