Msimamizi wa mirathi asiyegawa haraka

Mazishi yamekwisha, mahakama imetoa hati ya usimamizi, nyumba inaonekana na fedha za benki zinajulikana, lakini hakuna mrithi aliyepokea chochote. Maneno yanaanza: msimamizi amekalia mali. Wapo wanaoikalia kweli. Wengi, hata hivyo, wanafanya lile hasa ambalo sheria inawataka wafanye, na wanaowashinikiza hawajui wanawatwisha mzigo gani.

Warithi hugawana kinachobaki. Kwanza hulipwa gharama za mazishi na za usimamizi, kisha madeni: mkopo, kodi, mishahara ya wafanyakazi ambayo haikulipwa. Hata zawadi zilizotajwa kwenye wosia husubiri. Sheria ya Kiislamu nayo hutanguliza mazishi na madeni, halafu wosia usiozidi theluthi, ndipo mafungu ya warithi.

Taabu ni kwamba madeni hayajitokezi yote siku moja. Tuseme mali ni mafungu 12 na warithi ni 4, kila mmoja akachukua 3. Mwezi unaofuata anakuja mdai mwenye mkataba halali wa mafungu 4. Kwa hesabu, kila mrithi arudishe 1. Lakini mmoja ameshauza, wa pili amelipia ada za shule, wa tatu hapokei simu. Mdai hana haja ya kuwasaka. Anaweza kumshtaki msimamizi aliyewapa warithi kabla ya kulipa deni. Katika sheria zenye asili ya Uingereza, msimamizi huyo huweza kulazimika kulilipa kwa mali yake mwenyewe, ingawa hakubaki na hata fungu moja.

Kinga yake ni tangazo kwa wadai. Sheria ya Uingereza ya wadhamini ya 1925 inataka tangazo hilo liwape wadai muda usiopungua miezi 2 wa kuleta madai yao. Akigawa baada ya muda huo kwisha, akiwa amelipa madeni yote anayoyajua, mdai aliyechelewa atawafuata waliopokea mali. Akigawa kabla, kinga hiyo hana. Miezi hiyo 2 ambayo familia huiona ya kupoteza wakati ndiyo inayotenganisha nyumba ya marehemu na nyumba ya msimamizi.

Warithi nao wana hoja, na ni nzito: kuchelewa ni jambo moja, kunyamaza ni jingine. Sheria ya urithi ya India ya 1925 humpa msimamizi miezi 6 kuwasilisha orodha ya mali na mwaka 1 kuwasilisha hesabu. Nchini Uingereza msimamizi hawezi kulazimishwa kugawa kabla ya miezi 12 tangu kifo, lakini muda huo haumruhusu kuingiza kodi ya wapangaji kwenye akaunti yake binafsi. Anayekataa kutoa hesabu anastahili kupelekwa mahakamani, na anaweza kuondolewa.

Kwa hiyo kumuuliza "tunagawana lini?" hakusaidii sana. Aulizwe tangazo lilitoka tarehe gani, ni madeni yapi yamethibitishwa kwa hati, na kodi ya nyumba inaingia akaunti ipi. Ikiwa linalobishaniwa ni deni moja tu, anaweza kutenga kiasi cha kulitosha pamoja na gharama za kesi, akagawa sehemu ya kinachozidi, na kila mrithi akatia saini stakabadhi yenye ahadi ya kurudisha iwapo deni jingine litathibitishwa.