Duncan Laurence: "Arcade" Ilimbeba au Ilimfunika?

Wanaosema Duncan Laurence ni msanii wa wimbo mmoja wana hoja, na si hoja nyepesi. Mholanzi huyu alishinda Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, jijini Tel Aviv tarehe 18 Mei 2019 kwa "Arcade", akaipa nchi yake ushindi wa kwanza tangu kundi la Teach-In liliposhinda mwaka 1975. Tangu hapo ametoa albamu mbili, Small Town Boy (2020) na Skyboy (2023), akafanya wimbo na DJ Armin van Buuren, na kuachia singo kadhaa. Hakuna hata mmoja uliofika karibu na "Arcade". Mtu wa nje ya Uholanzi akiulizwa ataje wimbo wake wa pili, mara nyingi atabaki anakuna kichwa.

Tatizo la hoja hiyo ni kipimo chake. Inamhesabu kama mwimbaji tu, ilhali alianza kama mtunzi na hakuacha kuwa mtunzi. Jina lake halisi ni Duncan de Moor, amezaliwa mwaka 1994 Spijkenisse, karibu na Rotterdam, na amesomea muziki Rockacademie ya Tilburg, chuo kinachowafundisha watu utunzi, utayarishaji na kazi ya jukwaani kwa pamoja. Mwaka 2014 aliingia The Voice of Holland, shindano la waimbaji la televisheni, chini ya mkufunzi Ilse DeLange akaishia nusu fainali. Mwaka 2018, Ulaya ikiwa bado haimjui, tayari jina lake lilikuwa kati ya watunzi wa "Closer" ya TVXQ, wakongwe wa pop ya Korea Kusini. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya mtunzi wa kuajiriwa kwa wimbo: unaandika, unauza, mwingine anaimba.

"Arcade" nayo ina watunzi wanne: yeye, Joel Sjöö, Wouter Hardy na Will Knox. Utunzi wake ni wa watu wanaojua sheria za shindano. Wimbo wa Eurovision hauruhusiwi kuzidi dakika 3, ala zote zinatoka kwenye rekodi, sauti ya mbele inaimbwa moja kwa moja. Kwa hiyo kila sekunde ya utangulizi ni hasara, na kila noti ngumu ni hatari. Wao waliweka beti kwenye sauti ya chini iliyo rahisi kushika, kisha kiitikio kikaruka juu kwenye sauti nyembamba. Mruko huo ndio utambulisho wa wimbo, na ndio ungeweza kumwangusha mwimbaji aliyekosa pumzi. Jukwaani alikaa kwenye piano bila wacheza shoo, gizani, na taa moja ya duara. Balada (nyimbo za taratibu za hisia) za namna hii huzama kila mwaka kwa sababu mwimbaji huanza na nguvu zote na mwisho hana pa kupanda. Yeye alipanda taratibu.

Tazama pia alivyoshinda. Kila nchi hutoa pointi mara mbili, za majaji na za watazamaji, na kila upande hugawa 12, 10, kisha 8 hadi 1 kwa nyimbo kumi. Kwa majaji aliyeongoza alikuwa Macedonia Kaskazini. Kwa watazamaji, Norway. Laurence hakuongoza popote. Alipata 237 kwa majaji na 261 kwa watazamaji, jumla 498, akaipita Italia yenye 472. (Usiku wenyewe zilitangazwa 492, baadaye ikabainika kuwa kura za majaji wa Belarus zilikokotolewa vibaya.) Mfumo huu humpa ushindi yule anayeingia kwenye kumi bora za karibu kila mtu. Mwenye wafuasi wanaomfia lakini wachache, hauna habari naye. Tayari hapo kuna dokezo la yaliyofuata: wimbo ulipendwa na wengi sana, mwenyewe hakuachiwa jeshi la mashabiki.

Kisha bahati ikamgeuka. Mshindi wa Eurovision kwa kawaida ana mwaka mmoja wa kuvuna: ziara, matamasha, na kilele cha kurudi jukwaani shindano likija kwao. Shindano la Rotterdam la 2020 lilifutwa kwa sababu ya Covid. Lilipofanyika Mei 2021, vipimo vyake vilionyesha maambukizi siku chache kabla ya fainali, na watazamaji wakaonyeshwa rekodi ya mazoezi yake. Mshindi alikosa fainali ya nyumbani kwake.

Wakati huohuo wimbo ukaanza kutembea wenyewe. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 ulienea TikTok, toleo jipya na mwimbaji wa Marekani Fletcher likatoka, na "Arcade" ikafika nafasi ya 30 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani. Wimbo mshindi wa Eurovision ulikuwa haujaingia kwenye chati hiyo tangu ule wa kundi la Brotherhood of Man mwaka 1976. Leo "Arcade" imesikilizwa zaidi ya mara bilioni 1 kwenye Spotify, wa kwanza wa shindano hilo kufika huko.

Wanaomtetea huishia kwenye takwimu hizo, na hapo wanakosea kidogo. Kiitikio cha "Arcade" kinaingia ndani ya video ya sekunde 15, kinabeba maana kamili bila beti, na kinamfaa yeyote mwenye moyo uliovunjika. Sifa hizo hizo zinafanya jina la mwimbaji lisihitajike. Msikilizaji wa Bongo aliyeona "Love Nwantiti" ya CKay ikilipuka mwaka 2021, miaka miwili baada ya kutoka, anaijua hali hii: watu wanaubeba wimbo na kumwacha mwenye wimbo mlangoni. Na 2021 hakukuwa na ziara ya maana ya kuwageuza wasikilizaji hao kuwa wanunuzi wa tiketi.

Upande wa pesa hadithi ni tofauti. Rekodi ina haki mbili: ya utunzi na ya sauti iliyorekodiwa. Ya pili kwa kawaida hupita kwa lebo, na msanii hupata asilimia yake baada ya lebo kurudisha gharama. Ya kwanza ni ya watunzi na wachapishaji wao. Nchini Uholanzi malipo ya watunzi hukusanywa na shirika la Buma/Stemra, ilhali shirika la Sena hukusanya fungu la waimbaji na wapigaji ala. Marekani redio za kawaida hazimlipi mwimbaji hata senti, humlipa mtunzi tu. Mwimbaji aliyeandikiwa wimbo angesikia sauti yake redioni huko kutwa nzima bila kupata kitu. Laurence ana jina kwenye utunzi, kwa hiyo analipwa, ingawa fungu linagawanywa kati ya wanne kwa makubaliano yao.

Hata hivyo, mirabaha haijibu lawama ya kisanii, na hapo wakosoaji wamegusa penyewe. "Arcade" ilikuwa na nafasi tupu kuzunguka sauti. Baadhi ya kazi zilizofuata zimezijaza. "Feel Something", ule alioufanya na van Buuren, ni safi kiufundi, lakini sauti inakaa ndani ya mfumo wa DJ badala ya kuuongoza. Kwa sikio langu, anapungua kila anapozungukwa na ala nyingi.

Jaribio lake la kurudi Eurovision akiwa nyuma ya pazia nalo halikwenda vizuri. Mwaka 2023 aliwashika mkono, akiwa mmoja wa watunzi, wawakilishi wa Uholanzi Mia Nicolai na Dion Cooper, waliopeleka "Burning Daylight" kwenye shindano la Liverpool. Kwenye nusu fainali walipata pointi 7, wa 13 kati ya 15, na fainali wakaikosa. Kabla ya shindano walikuwa wameshakosolewa kwa kuimba nje ya ufunguo, yaani kukosea noti. Sauti mbili zinazopishana kwa upole husamehewa studio, ambako tabaka huongezwa na kusahihishwa. Jukwaani sauti za mbele lazima ziimbwe papo hapo, na utengano mdogo tu kati ya wawili husikika mara moja. Zaidi ya hayo, nusu fainali za mwaka huo ziliamuliwa na watazamaji peke yao; majaji ambao pengine wangeuona ufundi wa utunzi hawakuwepo.

Ukimlinganisha na Wouter Hardy, tofauti inaonekana wazi zaidi. Hardy alitunga "Arcade" pamoja naye, kisha akawa mmoja wa watunzi wa "Tout l'univers" ya Gjon's Tears, iliyoipa Uswisi nafasi ya tatu mwaka 2021 na kuongoza kwa majaji. Hakuna anayemwuliza Hardy kama ni mtu wa wimbo mmoja, kwa sababu hakuna anayemngoja jukwaani. Laurence ana kalamu ya aina hiyo hiyo. Ila kila akiiandikia sauti yake mwenyewe, anashindanishwa na dakika tatu za Tel Aviv, na sioni albamu ya tatu itakayobadilisha hilo. Nyimbo zikiimbwa na wengine, huenda.