Bei ya Kariakoo, gharama ya Mwanza

Jamani, hili la kuagiza vyombo Kariakoo kwa picha za WhatsApp limenichosha. Picha inaonyesha seti ya sufuria sita, zinang'aa, bei elfu 45. Sokoni Makoroboi, hapa mjini Mwanza, seti kama hiyo wanataka elfu 60, basi unajiona umeokoa elfu 15. Ngoja sasa. Kuna hela ya kufungasha, ya bodaboda wa kupeleka mzigo stendi, ya kutuma pesa, ya basi. Mzigo unashushwa stendi ya Nyegezi usiku, nami nakaa Igoma, kwa hiyo kesho yake nauli tena, kwenda na kurudi. Jumla, pamoja na bei ya sufuria, elfu 63!

Hiyo ningeimeza. Lakini nafungua boksi: sufuria nyepesi kama karatasi, moja imebonyea, mfuniko mmoja haupo. Nampigia muuzaji, ananijibu, "Dada, mzigo ukishatoka dukani haurudi." Na kweli, utaurudishaje kilomita zaidi ya 1,000? Makoroboi ningeishika mkononi nikapima uzito, ningeomba anipunguzie, na ikivuja ningejua meza ya kwenda kusimama.

Wauzaji, andikeni unene wa sufuria na gharama yote mpaka Mwanza kwenye picha hiyo hiyo. Mbona bei mnaiandika kwa herufi kubwa?